Nilikuwa Maiti wa Malan

Mke wangu Malan alikuwa muuguzi wa kisiwa chetu kwa miaka thelathini na miwili, na kwa miaka yote hiyo mimi nilikuwa maiti wake.

Maiti, mgonjwa, mzazi, mlevi aliyeanguka miambani, chochote alichohitaji. Kila baada ya miaka miwili au mitatu alikwenda Tórshavn, mji mkuu wa visiwa vyetu, mara nyingine Denmark, kusomeshwa upya. Wauguzi wa visiwani iliwabidi waende, la sivyo wangezeeka na mafunzo ya ujana wao. Akirudi, kabla hata hajafungua begi la nguo, aliniambia nilale chini jikoni. Daima karibu na jiko, kwa sababu pale sakafu ina joto.

"Leo nina nini?" namuuliza.

"Umevunjika paja."

"Nimelivunjaje?"

"Kwa maswali."

Basi ananifunga paja kwa ubao wa kukatia mkate na soksi zangu mwenyewe. Nimedungwa sindano za maji ya chumvi mikono yote miwili. Nimekabwa na kiazi ambacho hakikuwepo. Nimezaa mara nne pale sakafuni. Mara ya tatu alisema nimejitahidi, ila nimepiga kelele kuliko mwanamke yeyote wa kisiwa hiki.

Majirani walizoea. Mtu akipita dirishani akiniona nimelala chali, hakushtuka. Alisema tu, "Malan karudi."

Malan alikuwa na kauli yake. Jambo ulilojifunza mjini, ukiliacha kichwani tu, linaota ukungu kama nyama iliyotundikwa pasipo upepo. Lazima mikono nayo ijue. Ndiyo maana alinihitaji.

Mimi sikusoma. Baba alinitoa shule nina miaka kumi na mmoja, kaka yangu alikuwa amezama na kondoo walihitaji mtu. Naandika haya kwa sababu Turið, muuguzi wa sasa anayekuja na helikopta kila Alhamisi, ameniomba maneno juu ya Malan ya kuweka kwenye kitabu cha kisiwa. Alitaka ukurasa mmoja. Atanisamehe.

Na niseme mapema ili asiyetaka asisome. Malan alikufa mikononi mwangu, zizini, siku ya kushusha kondoo kutoka mlimani, na mimi nilikuwa nahesabu vibaya.

Kwanza nieleze kwa nini kozi zile zilikuwa kitu kikubwa kwake.

Kisiwa chetu hakina bandari. Boti ya posta inakuja, inapanda na wimbi, na likifika juu unarukia mwambani. Bahari ikichafuka, haiji. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, vuli moja, ilichafuka siku tisa. Kila asubuhi Malan alisimama pale mwambani na begi lake. Helikopta nayo ilishindwa na ukungu. Siku ya kumi boti ilikuja, lakini kozi ilikuwa imekwisha. Alirudi nyumbani akatoa nguo begini, akasema ataipata ya masika.

Majira yale ya baridi mdogo wake Rakul alijifungua mtoto wa kiume. Rakul ni shemeji yangu, nyumba yake iko juu ya yetu, baada ya kanisa. Walimwita mtoto Jóan. Mimi na Malan hatukujaliwa, kwa hiyo Jóan alikuwa wetu pia, na nilishaanza kumchongea kondoo wa mti. Malan alimwambia mdogo wake amlaze mtoto kifudifudi, akicheua asipaliwe. Alikuwa amewaambia hivyo mama wote wa kisiwa hiki. Ndivyo alivyofundishwa alipokuwa msichana.

Mwezi wa pili, asubuhi, Rakul alimkuta Jóan kitandani hapumui. Hakuwa na homa wala kikohozi. Hata miezi mitatu hakutimiza.

Masika Malan akaenda kozi. Siku ya kwanza daktari aliandika ubaoni kwamba watoto walazwe chali. Kwamba wa kifudifudi ndio wanaokufa. Malan alimwomba arudie. Kisha akamuuliza wameanza lini kuyafundisha haya. Daktari akasema, kwenye kozi ya vuli. Malan akatoka akakaa kwenye ngazi.

Alirudi na boti ya Ijumaa. Siku hiyo hakuniambia nilale. Alipanda moja kwa moja kwa mdogo wake, hata koti hakuvua. Nilimfuata nikasimama nje, kwenye matuta ya viazi. Mlango ulikuwa wazi, naye amesimama kizingitini. Alimweleza mdogo wake yote, bila kuyapunguza.

Rakul alishika kitasa cha mlango. Halafu akasema, "Ulifanya ulichokijua."

"Kujua ndiyo kazi yangu," Malan akamwambia.

Rakul akafunga mlango.

Mwaka mzima na zaidi hakuja kwetu. Kisiwa cha watu arobaini na mmoja, njia moja, duka moja, na mtu na dada yake wanapishana kama hawajuani. Malan alipungua. Usiku alikuwa akilala chali, mikono kifuani, hageuki. Sikumuuliza kwa nini.

Mwaka wa pili, wakati wa kuchinja, Rakul akaingia bila kubisha, na beseni la damu ya kupikia soseji, kama alivyokuwa akileta zamani. Akaliweka mezani. Akamwambia dada yake, "Usikose tena kozi. Hata moja."

Malan akatikisa kichwa kukubali.

"Una chumvi?" Rakul akauliza.

Hapo yakaisha. Au hayakuisha, lakini waliendelea kupika soseji.

Tangu siku ile Malan hakukosa kozi. Alirukia boti na kidole cha mguu kimevunjika. Mwaka mmoja niliugua homa ya mapafu siku ya safari, akaniambia nimechagua siku mbaya ya kuumwa kwelikweli. Akampa Rakul dawa zangu, akaenda. Sikumlaumu. Vyeti vyake alivifunga kwenye karatasi ya mkate, akaviweka droo ya visu. Hakutundika hata kimoja ukutani. Alisema cheti ni cha siku ile tu.

Sasa nije kwenye yale yangu.

Masika ya mwaka elfu mbili na sita alirudi kutoka Tórshavn na masanduku mawili. La pili lilikuwa kubwa, na alilibeba mwenyewe. Nilikuwa nimeshafagia karibu na jiko. Nilikuwa na miaka sabini, kulala chini ni rahisi, kuinuka ndiyo kazi, lakini nilifagia.

Akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na mtu wa mpira. Kichwa, kifua, basi, miguu hana. Mdomo wazi.

"Nani huyu?" nikamuuliza.

"Mgonjwa wangu mpya. Wametupa kila muuguzi wa kisiwani mmoja."

"Na mimi?"

Alicheka. Akanieleza kwamba mtu aliye hai huwezi kumbana kifua sawasawa, unamvunja mbavu. Ndiyo maana miaka yote alikuwa akinigusa tu. Kubana hasa alikuwa hajawahi kunibana.

"Kwa hiyo miaka thelathini ulikuwa unanidanganya."

"Nilikuwa nakuhurumia, mzee wangu."

Nilicheka na mimi. Kisha nikarudisha ufagio mahali pake, bila kulala.

Habari ikaenea. Mzee Sámal, jirani yetu wa chini, alinikuta dukani akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Hanus, nasikia mkeo kaleta mwanamume kutoka mjini. Hali chakula, hakoromi, na hajibu."

"Miguu hana," nikamwambia.

"Basi hata kukimbia hawezi. Wewe umekwisha."

Watu wakacheka. Wanawake wakampa yule wa mpira jina, wakamwita Balsar. Ikawa Balsar hivi, Balsar vile. Nikipita wananiuliza mke mwenzangu hajambo.

Malan alitaka kisiwa kizima kijifunze, kwa sababu helikopta huchukua dakika arobaini ikiwa hewa ni nzuri, na yeye ni mmoja tu. Akaita watu shuleni, mwezi wa sita, jioni moja jua likiwa bado juu. Aliniomba twende wote.

Nikamwambia nina ukuta wa zizi wa kutengeneza. Nikamwambia nimekuwa maiti kabla huyo Balsar hajatengenezwa, shuleni nitajifunza nini?

"Hesabu imebadilika, Hanus," akasema. "Zamani ilikuwa unabana mara kumi na tano, unapuliza mbili. Sasa..."

"Kifua ni kilekile," nikamkata.

Hakubishana. Hakuwa mtu wa kubishana. Alivaa sweta, akanyanyua lile sanduku, akatoka. Mimi sikutengeneza ukuta. Nilikaa kwenye banda la kukaushia nyama, katikati ya mapaja ya kondoo ya mwaka jana, mpaka nikasikia watu wanarudi njiani wakicheka.

Mara moja zaidi alijaribu. Ilikuwa jikoni, siku ya mvua. "Lala nikuonyeshe," alisema. Nikamwambia mgongo unauma. Na kweli ulikuwa unauma kidogo.

Mwezi wa kumi tulishusha kondoo. Wenye nguvu walipanda juu alfajiri, na Rakul miongoni mwao, mguu wake ulikuwa bado mwepesi. Sisi wazee tulibaki chini zizini: mimi, Malan na Sámal. Hewa ilikuwa nzuri. Tuliwasikia watu na mbwa mbali juu, halafu kondoo wakaanza kuteremka kama maziwa yanayofurika sufuria. Waliingia. Malan akafunga lango, akapitisha kamba, akafunga fundo.

Kisha akakaa juu ya jiwe.

"Hanus," akasema, "nimechoka kidogo."

Miaka arobaini ya ndoa na hakuwahi kusema hivyo. Nilipogeuka alikuwa ameinama, nikadhani anatazama kitu chini. Nikamwita. Nikamshika bega, akaniangukia mkononi kwa uzito wake wote.

Nilimlaza. Nilimwambia Sámal akapige simu, na yule mzee wa miaka sabini na mitano alikimbia, nilimwona akikimbia, na baadaye nikaona shuka nyeupe imetandazwa malishoni ili helikopta ituone. Mikono yangu ilijua mahali. Vidole vyake vilikuwa vimenigusa pale kifuani miaka thelathini, ningepajua hata gizani. Nikabana.

Mbavu zililia chini ya mkono. Ndipo nilipojua alikuwa akinihurumia nini.

Moja, mbili, tatu. Hadi kumi na tano. Napuliza mara mbili. Tena kumi na tano. Niliweka hesabu kwa sauti kama yeye alivyokuwa akiiweka juu yangu, na nadhani nilitumia sauti yake.

Rakul alifika kutoka mlimani, kondoo walikuwa wamemtangulia. Aliruka ukuta akapiga magoti upande wa pili.

"Thelathini, Hanus."

Sikumsikia. Nilimsikia.

"Shemeji, thelathini. Dada alitufundisha thelathini. Nipishe."

"Najua kazi yangu," nikasema.

Akanishika mkono. Nikampiga kiwiko. Kilimpata mdomoni na mdomo ukapasuka. Alifuta damu kwa mkono wa sweta, akashuka kwenye kichwa cha dada yake, na kila nilipofika kumi na tano yeye ndiye aliyepuliza. Mara mbili. Alikubali hesabu yangu, kwa sababu hakukuwa na muda wa kugombana. Damu yake ilikuwa kwenye midomo ya Malan. Walipokuja wa helikopta walidhani ni Malan anayetoka damu.

Tulifanya hivyo dakika thelathini na nane. Sámal ndiye aliyetazama saa.

Kondoo walibaki zizini mpaka kesho yake. Hakuna aliyewakumbuka. Asubuhi Sámal alifungua lango akawaacha warudi mlimani. Mwaka ule sikuchinja.

Daktari wa hospitali alisema ni mshipa mkubwa unaotoka moyoni, ulipasuka. Baba yao alikufa hivyohivyo. Alisema hata kama yeye mwenyewe angekuwa amesimama pale na vyombo vyake vyote, asingeweza. Alinishika mkono alipokuwa akisema. Ni mtu mwema. Watu wema husema hivyo.

Tulimzika Jumanne. Sisi wanaume wa kisiwa tulimbeba kwa zamu, kama desturi. Nilitaka kubeba njia nzima, hawakuniruhusu.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi mtoto sikupata, lakini mjukuu ninaye.

Miaka miwili sikwenda kwa Rakul, naye hakuja. Tulisalimiana njiani. Ana kovu dogo jeupe kwenye mdomo wa juu, na kila nilipoliona nilitazama bahari. Nikifika nyumbani naweka kikombe kimoja mezani, nakunywa chai, nahesabu. Hata ngazi za kanisa nahesabu. Zipo kumi na nne. Mguu wangu hutafuta ya kumi na tano.

Vuli hii, wakati wa kuchinja, mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Rakul aliweka beseni la damu mezani. Nikatoa chumvi kabla hajaomba.

Alikaa. Alitazama sakafu karibu na jiko.

"Alhamisi Turið anamtoa Balsar," akasema. "Shuleni, saa kumi. Njoo."

"Sasa ya nini?"

"Ya mimi."

Sikumwelewa.

"Baba alikwenda hivyo, dada kaenda hivyo," akasema. "Moyo wangu umetoka chungu kilekile, shemeji. Mume wangu yuko makaburini na watoto wanaishi Denmark. Nikianguka kesho kwenye viazi, nyumba ya karibu ni hii. Atakayekuja ni wewe."

"Daktari alisema mshipa ukipasuka hakuna..."

"Labda kwangu hautapasuka. Labda utasimama tu. Utafanya nini, utanihesabia kumi na tano?"

Ndipo nilipomuuliza. Nilikuwa nimelibeba swali hilo miaka miwili na lilitoka dogo kabisa. Nilimuuliza kama ningehesabu thelathini, siku ile, ingekuwaje.

Nilijua angeweza kusema nilifanya nilichokijua. Nilijua pia jibu la Malan kwa kauli hiyo, nililisikia kwa masikio yangu nimesimama kwenye viazi. Rakul hakusema hivyo.

"Sijui, Hanus," akasema. "Nimejiuliza pia. Na mimi nilikufuata wewe. Sijui."

Tulijaza soseji mpaka jioni.

Alhamisi nilikwenda. Shule haina watoto tena, imebaki na viti vyao vidogo, na sisi wazee tumekaa magoti yakigusa kidevu. Sámal alisema, "Mke mwenza kaja." Watu walitaka kucheka, wakatazama chini. Nikamwambia Sámal wivu umekwisha, nimekuja kumjulia hali. Wakacheka kidogo.

Turið alifungua sanduku.

Balsar alikuwa amevaa sweta. La kijivu, lenye kiraka cha kahawia kwenye kiwiko. Langu. Malan alilifuma mwaka tuliooana na mimi nililitafuta kiangazi kile kila mahali, hata kwa Sámal nilikwenda kuuliza kama mbwa wake kalichukua.

Turið alisema amemkuta nalo hivyo, na hakuona vizuri kulivua.

Nilimtazama Rakul.

"Ni yeye aliyemvika," Rakul akasema. "Jioni ile uliyokataa kuja. Alisema mikono yake haijazoea mtu mwingine."

Ilinichukua muda kupiga magoti. Nilipojaribu, mwili ulitaka kulala chini, kando ya Balsar, mahali pangu. Turið alinionyesha pa kuweka mikono. Nikamwambia hapo napajua. Nikaiweka juu ya sufi ya sweta langu, na harufu ya banda letu la nyama ilikuwa bado imo, au niliitaka tu iwemo.

"Bana kwa nguvu, mzee," Turið akasema. "Huyu haumii."

Nikabana. Moja, mbili, tatu. Rakul alikuwa amepiga magoti upande wa pili, pale kichwani, kama siku ile. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano.

Mikono ikasimama. Sikuisimamisha mimi. Ilisimama yenyewe, na nikaona hawezi kuendelea mtu ambaye amekwisha fika mwisho wa hesabu.

"Kumi na sita," akasema Rakul.

Nikabana.

"Kumi na saba."